Nzi wa Bwana Joram

"Mia tisa, Cornelius! Nilisema mia tisa mwezi wa sita, na leo bado ni mia tisa. Hii mia mbili kanywee chai yako ya karak."

Jebet alizirusha zile noti ndani ya gari kupitia dirishani. Walikuwa nyuma ya duka dogo la baqala huko Abu Hamour, jijini Doha, jua likizama na joto likikataa kuzama nalo. Jebet alikuwa ametoka kazini, bado amevaa sare ya usafi ya hoteli. Cornelius, dereva wa Bwana Joram, hakutaka kushuka.

"Punguza sauti, dada."

"Sipunguzi. Nimeiba?"

Nzi thelathini, riyal thelathini kila mmoja. Si nzi wa chooni hao. Ni nzi bandia wa kuvulia samaki anayeitwa trauti: ndoana ndogo iliyovishwa uzi na sufi mpaka samaki aone mdudu halisi. Kazi hiyo Jebet hakufundishwa na mtu. Alikulia kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako wageni walikuja kuvua mitoni na kuacha nzi wao wamenasa kwenye matawi. Aliwaokota, akawafumua uzi kwa uzi, akawafunga upya. Kabla hajamaliza shule, wageni walewale walikuwa wakinunua kwake nzi wao wenyewe.

Huyo Bwana Joram, Jebet alimdharau tangu mwanzo. Mkenya mwenzao, mwenye ofisi ya kuleta wasichana wa kazi za nyumbani Doha. Kila Julai alikuwa akipanda ndege kurudi Elgon, eti "kufurahia summer". Summer! Mwezi ambao watoto wa kule wanaenda shule na sweta mbili. Atasimama mtoni na buti za mpira hadi kifuani, atamvua samaki, atampiga picha, kisha atamrudisha majini. Mtu mzima, na ndevu zake!

"Bosi amerudi kutoka Elgon," Cornelius alinong'ona. "Anasema nzi wako wana shida."

"Shida gani? Wamefumuka?"

"Hawafumuki. Hiyo ndiyo shida."

Jebet alicheka kwa dharau. Cornelius hakucheka. Midomo yake ilikuwa mikavu, na macho yake hayakuacha kile kioo cha kutazama nyuma.

"Anasema aliyewafunga ndiye awafumue. Atakulipa leo, mkononi. Twende, dada. Tafadhali."

Pesa mkononi ni pesa mkononi. Jebet alifungua mlango wa nyuma, akaketi, akaruka kama aliyekalia moto. Kiti kilikuwa kimelowa chepechepe. Na maji yenyewe yalikuwa baridi... baridi ya asubuhi ya mlimani, humu ndani ya Agosti ya Doha.

"Ulikuwa umebeba nini hapa?"

"Bosi."

Gari liliwapeleka mpaka Al Thumama, mtaa wa karibu na uwanja wa ndege.

Nyumba ya Joram ilikuwa kubwa, ya kujionyesha, na taa zote zimezimwa isipokuwa moja. Ndege ilipita juu ikishuka uwanjani, madirisha yakatetemeka. Halafu kimya. Cornelius alifungua mlango, baridi ikawapiga usoni.

"Hizi AC mmeziweka ngapi?"

"Tumezizima tangu juzi."

Kulikuwa na harufu. Jebet aliijua kabla hajaikubali. Kuvu na mwani. Mawe yaliyolala majini. Tope jeusi la kingo za mto. Na chini ya hayo yote, harufu nyembamba ya mafuta ya nazi.

Kutoka bafuni, mwisho wa ukumbi, maji yalidondoka.

Tone... tone... tone...

Bwana Joram alikuwa sofani, amejifunga taulo, maji yakimtiririka nyweleni ingawa hakuna aliyekuwa anammwagia. Alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja.

"Ndiye huyu?" aliuliza.

"Ndiye huyu," Jebet alijibu mwenyewe. "Nimefuata mia tisa zangu."

Joram alishusha kiganja.

Nzi alikuwa amenasa kwenye mdomo wa chini. Ndoana ilikuwa imeingia ndani na kutokea nje, safi kabisa, kama inavyopaswa kumnasa samaki. Ulikuwa ufungaji wa mikono ya Jebet. Jebet aliutambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake.

"Hospitali walimtoa," Joram alinong'ona. "Asubuhi nikaamka na mwingine. Wakamtoa. Akaja mwingine. Kisanduku changu cha nzi nimekifunga kwa kufuli, na bado wanapungua."

"Huko mtoni kulikuwaje?"

"Trauti hawakugusa. Siku nzima. Jioni mto ukanyamaza. Unajua mto unavyonguruma? Ulinyamaza. Kisha kitu kikashika. Kikavuta kuelekea juu, kule maji yanakotoka. Nikaona nywele zimetanda majini. Kikaniita... kikaniita bosi."

"Ulimpiga picha?"

Joram alimkodolea macho.

"Nauliza tu. Au ulimrudisha majini bila picha?"

"Jebet, jamani," Cornelius alisema.

"Jamani nini? Mtu mzima analoa kama taulo la jikoni, na mimi nitetemeke?" Lakini vidole vyake vilikuwa baridi, na alijua si AC. Alichukua kisanduku mezani, akafungua kufuli kwa ufunguo uliokuwa kando yake, akachagua nzi mmoja. Afadhali kuanza na huyu kabla ya yule wa mdomoni. Alitoa kimkasi chake, akakata fundo la kichwa, akaanza kufumua.

Uzi ulitoka vizuri. Sufi ikafuata.

Ikafuata.

Ikaendelea kufuata.

Nzi mzima hakuzidi ukucha wa kidole gumba. Sufi aliyoviringisha pale ilikuwa kidogo mno, hata chungu asingejifunika nayo. Lakini alivuta, na ikaja, nyeusi, yenye maji, urefu wa kiganja, urefu wa mkono, ikajikunja miguuni pake. Kisha haikuwa imetawanyika tena. Ilikuwa imesukwa. Msuko mmoja mwembamba, ukinukia mafuta ya nazi.

Jebet alivuta mara moja zaidi.

Msuko ulikuwa na joto.

Ulikuwa bado umeshika kichwa cha mtu.

Aliuachia. Haukuanguka. Ulijinyoosha wenyewe sakafuni, ukapita ukumbi mzima, ukaingia mlango wa bafuni na kutulia, umekazwa kidogo, kama mshipi wa kuvulia unaosubiri. Ncha yake ilikuwa imezunguka kidole cha Jebet cha shahada. Hakuiona ikizunguka.

"Cornelius," alisema polepole. "Uliniletea sufi ya kondoo mweusi. Ndivyo ulivyoniambia."

Cornelius alirudi nyuma hatua moja.

"Nywele za nani?"

"Bosi alinipa pesa za kununua sufi," Cornelius alisema, akiangalia viatu vyake. "Nikaona... si nywele zilikuwepo tu? Kwenye mfuko. Aliniambia nikazitupe."

"Za nani!"

"Scovia."

Jebet alimjua Scovia kwa sura. Msichana wa Bukwo, upande wa Uganda wa mlima uleule, aliyefanya kazi humu ndani. Mchangamfu, mwenye misuko ya kuanguka mabegani. Miezi saba hakulipwa riyal elfu yake ya kila mwezi, kila mtu Abu Hamour alilisikia hilo. Siku alipokaa chini jikoni akasema hafui tena hata soksi mpaka aone mshahara, Joram alisema ana chawa. Akamnyoa. Akampakia kwenye ndege kichwa kikiwa kitupu, ili akifika kwao watu wamcheke. Hayo Cornelius aliyasema kwa sauti ndogo, neno moja moja.

Kwao, na kwao Jebet pia, nywele zilizonyolewa haziachwi nyumbani mwa mtu. Mama huziokota hadi unywele wa mwisho, akazifukia. Jebet siku zote aliona ni mambo ya wazee wasio na kazi. Yeye hakuamini uchawi, aliamini malipo. Na sasa alikumbuka jinsi alivyozifanya hizo nywele nzi: mate kidogo kwenye vidole, ndivyo kazi inavyofanywa, ili sufi ishike uzi. Mate yake. Mara thelathini.

"Alifika kwao?"

Joram alijifuta maji usoni.

"Nimekuuliza, mkubwa. Scovia alifika kwao?"

"Tulimpeleka uwanjani," Joram alisema. "Kwao wanasema hakufika, lakini baada ya hapo si jukumu la ofisi."

Msuko ulikaza.

Mdomo wa Joram ulivutika mbele, mrefu, mwembamba, ukielekea bafuni. Hakukuwa na kitu kati ya ndoana na giza lile, hakuna uzi wa kuonekana, lakini alivutwa. Alianguka kutoka sofani kwa magoti, akateleza kwenye marumaru, akishika zulia, akishika mguu wa meza.

"Kata!" alilia. "Kata huo msuko! Nitakulipa elfu mbili! Tatu!"

Ah, sasa anazo. Mia tisa zilikuwa zimemshinda tangu mwezi wa sita, na sasa ana elfu tatu.

Lakini Jebet naye alikuwa anavutwa. Kidole chake kilikuwa kimegeuka rangi ya majivu. Msuko ulikuwa umefika kifundo cha mkono, ukapanda, laini, bila haraka. Mkasi ulikuwa kwenye mkono mwingine. Aliufungua, akauweka juu ya nywele... na nywele zikatetemeka, kama ngozi ya mtu aliyeguswa na wembe.

Aliufunga mkasi. Akauweka mezani.

"Scovia," alisema kuelekea bafuni. Aliongea kama anavyoongea na mtu yeyote, maana hakuwa na sauti nyingine. "Mimi ni Jebet. Nimefunga nywele zako bila kujua ni zako, nimedanganywa na huyu dereva. Sijala hata riyal moja. Mimi pia hawajanilipa."

Tone... tone...

Msuko ulilegea mkononi mwake. Duara moja, kisha jingine, ukateremka, ukamwacha. Ulikwenda sakafuni kwa utaratibu mpaka kwenye viatu vya Cornelius, ukampanda. Cornelius hakupiga kelele. Alianza tu kulia kama mtoto, akitafuta pochi mfukoni.

Jebet alivuta kiti, akaketi.

"Mlipeni," alisema.

"Nitampa nani?" Joram alilia, shavu lake likiwa kwenye maji. "Nitampa nani pesa, na hayuko?"

Kule bafuni, maji yaliacha kudondoka.

"Niko."

Taa ile moja ikazimika. Nyayo zilianza kuja, za miguu mitupu, za maji, moja baada ya nyingine, juu ya marumaru. Harufu ya mafuta ya nazi ilijaa mpaka Jebet akaionja ulimini. Zilisimama karibu sana na kiti chake.

"Elfu saba, bosi," ilisema sauti ya msichana, imechoka, kama aliyeyasema maneno hayo mlangoni pa mtu mara nyingi. "Na mia tisa za dada."