Karatasi ya Bibi Zenta

Miaka ile, kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watu, asubuhi ya Silke ilianza kwa kubeba makopo ya maziwa hadi barabarani. Kisha alirudi kunywa kakao karibu na jiko la kuni la bibi yake. Hata leo, akiwa mama wa watoto wakubwa, harufu ya kuni humkumbusha jikoni mle, na machozi humlengalenga.

Ijumaa moja ya Machi, alipokuwa na miaka kumi na miwili, kijiji cha Weidlach hakikuwa na habari nyingine ila uchaguzi wa Jumapili. Baba yake, Ludwig, aligombea kiti katika baraza la kijiji. Bibi Zenta, aliyemzaa Ludwig, alikuwa amevunjika nyonga, kwa hiyo aliruhusiwa kupigia kura nyumbani. Karatasi yenyewe ilikuwa pana kama kitambaa cha meza.

"Nimemaliza," Bibi alisema, akiilaza karatasi kifudifudi. "Mikono inanitetemeka. Nikunjie, itie kwenye bahasha uifunge, na ukitoka shule uipeleke ofisini. Na usichungulie!"

"Mimi nichungulie, Bibi?"

"Wewe, ndiyo. Nakujua."

Bibi alijikongoja kwa magongo yake kwenda kumlisha paka. Silke akachungulia. Bibi alikuwa amempa kura tatu Bi Hedwig, mkunga mstaafu. Seremala alipata mbili, mkuu wa zimamoto mbili. Ludwig alipata moja.

Moja! Kutoka kwa mama yake mzazi! Silke aliona uchungu kana kwamba ametukanwa yeye. Alichukua kalamu, akaigeuza ile moja ikawa tatu, akaifunga bahasha.

Darasani, Mwalimu Pfister naye alizungumzia uchaguzi. "Serikali ya shirikisho kule mji mkuu, Bonn, inashughulika na jeshi na nchi za nje," alisema. "Jimbo letu, kule Munich, linaamua mambo ya shule na polisi. Sasa bomba la maji likipasuka hapa Weidlach, mtampigia nani kelele?"

"Baba yake Silke!" alidakia Korbinian, na darasa zima likaangua kicheko.

"Akichaguliwa," mwalimu alisema akitabasamu. "Baraza letu lina viti vinane, kwa hiyo kila mpiga kura ana kura nane. Mgombea mmoja unaweza kumpa hadi tatu. Lakini ukipita nane, karatasi nzima imeharibika. Haihesabiwi hata kura moja."

Silke alihesabu kwa vidole chini ya dawati. Tatu, mbili, mbili, tatu. Zilikuwa kumi! Bibi hangekuwa na kura hata moja, na baba naye angeikosa hata ile moja aliyopewa.

Saa saba mchana alisimama mbele ya ofisi ya kijiji, bahasha mkononi. Angeitumbukiza tu kwenye sanduku, nani angejua? Lakini alimkumbuka Bibi akiandika polepole, ulimi nje kidogo, akiushika mkono mmoja kwa mwingine ili usitetemeke. Akageuka, akakimbia nyumbani.

"Bibi, nilichungulia," alisema akilia. "Na nilibadilisha. Nimeiharibu yote."

Bibi Zenta aliegemeza magongo yake ukutani. "Umenifunga mdomo, Silke," alisema. "Nimekua nikiwaona watu wakifungwa midomo. Sikutegemea nifungwe na mjukuu wangu, jikoni mwangu."

"Lakini ni mwanao! Kwa nini umpe moja tu?"

"Mwanangu nampenda kuliko macho yangu. Ila paa la zizi ameanza kulitengeneza huu mwaka wa kumi na moja! Sasa futa machozi. Ofisi inafungwa saa kumi na mbili. Rudi, ukamweleze karani ulichofanya. Wewe mwenyewe."

Karani, Bwana Kögel, alimsikiliza hadi mwisho, akavaa kofia yake. Alikuja nyumbani mwenyewe na karatasi mpya, akaichukua iliyoharibika. Bibi alipokuwa akiandika, karani na Silke walisubiri uani wakiwatazama kuku. Safari hii Bibi aliikunja mwenyewe, ikamchukua robo saa.

Jumapili jioni Ludwig alirudi kutoka kwenye kuhesabu kura, akatupa kofia mezani. "Nimekosa kiti kwa kura mbili. Mbili tu! Bi Hedwig ameingia." Akamtazama mama yake kwa jicho la utani. "Mama, hebu sema kweli, ulinipa ngapi?"

"Kunywa supu yako, inapoa."

Ludwig alicheka, na Silke akainamia bakuli lake, uso ukimwaka.

Baadaye, wakikausha vyombo, alinong'ona, "Bibi, ile karatasi ya pili ulimpa ngapi?"

"Hilo hutalijua hata nikifa," Bibi alisema, na kweli alikwenda nalo kaburini. Alimshika mjukuu wake kidevu. "Sikiliza, mwanangu. Kura ya mtu ni sauti yake. Hata ukimpenda vipi, usimsemee. Ukitaka baba yako apate kura, mwambie amalize paa."

Usiku uleule Silke alimwambia. Kesho yake, kabla ya makopo ya maziwa, alimkuta baba yake ameshapanda ngazi penye zizi, misumari mdomoni.