Udongo Kwenye Ufa

Jana, Jumatano ya Wiki Kuu, jua likizama, nilishuka mtoni kukaza kamba ya mtumbwi wangu. Kilombero ilikuwa inafurika.

Nikasikia mtu anachota maji mtumbwini kwa kopo na kuyamwaga nje.

Chwaa… chwaa…

Ndani hapakuwa na mtu. Kopo lilikuwa kavu.

Chwaa…

Harufu ya tope ikanijaa puani. Mtu akanong'ona kisogoni mwangu.

"Shemeji… ulisema ni mzima."

Nilikimbia, ndala nikaziacha huko huko.

Ponsiano, mdogo wake mke wangu, alizama mwezi uliopita akivuka kwenda kuamia ndege kwenye mpunga wake. Mtumbwi nilimwazima mimi, huu huu wangu uliookotwa baadaye. Ulikuwa na ufa, nikauziba kwa udongo wa mfinyanzi. Aliponiuliza kama hauvuji, nikaona taabu kueleza. Kijiji kikasema amerogwa. Wakamtaja Mama Wilhelmina, mjane aliyegombania naye mpaka wa shamba. Mimi nilikuwepo kikaoni, na mkono nilinyoosha kama wenzangu.

Usiku kucha niliapa kwamba nitasema.

Leo asubuhi nikapanga foleni ya kitubio. Nikapiga magoti, nikataja pombe, matusi na uvivu wa kusali.

"Kuna jingine?" Padri akauliza.

Chwaa…

Sauti ilitoka chini ya magoti yangu. Maji ya baridi yakaanza kupanda mapajani. Niliogopa sana, jamani. Lakini niliwaza mke wangu atanitazamaje, na wakwe, na kijiji kizima.

"Hakuna, Padri."

Chwaa… ikakoma.

Nilipoinuka, suruali ilikuwa inachuruzika. Aliyenifuata kwenye foleni alikuwa Mama Wilhelmina. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Alitazama sakafu iliyolowa, kisha akanitazama mimi.

"Ponsiano kakufuata mpaka humu," akasema taratibu.

Amejuaje? Labda ni mchawi kweli. Labda siku ile aliniona nikifinyanga udongo. Sijui, na sitaki kujua.

Kijiji kimeamua kumfukuza. Kesho wanamvusha ng'ambo pamoja na vyombo vyake. Jioni hii Mzee Stanislaus, mwenyekiti wetu, amekuja kuazima mtumbwi. Akauliza kama hauvuji.

Nimemwambia ni mzima.

Udongo niliozibia tena ufa ule ule bado haujakauka. Na hapa nilipokaa kitandani, chini yangu kuna mtu anachota maji…