Kiti Kando ya Sista Perpetua

Msimu wa kupanda ulikuwa umefika, na duka la pembejeo la parokia pale Kitale lilijaa wakulima tangu asubuhi. Waruguru alikuwa nyuma ya kaunta akipima mbegu, amevaa ovaroli ya buluu na kitambaa cheupe alichokifunga hadi kwenye nyusi ili vumbi la dawa lisimwingie nyweleni. Aliinua macho kumwita mteja mwingine, na mkono wake ukasahau mizani.

Alikuwa Derrick Wabwile wa Bungoma, mabega yamepanuka, shati limepigwa pasi. Miaka saba.

"Waruguru," alisema, akivua kofia. Kila r ilikaa mahali pake. Zamani alijifundisha kulitamka jina hilo, maana kwao liligeuka Waluguru bila mtu kukusudia.

Waruguru alingoja ampe mkono. Derrick hakuutoa. Aliinamisha kichwa kama mtu anayepita mbele ya altare, akachukua mbegu za mamake, akasema taratibu, "Mtukumbuke katika sala." Kisha akaenda zake.

Walijuana siku za wazazi kutembelea wanafunzi, katika shule ya wasichana ya masista. Derrick alikuja kumwona dadake, Nakhungu, aliyelala kitanda cha juu ya Waruguru. Alileta mahindi ya kuchemsha na simsim iliyopondwa, na kila mara palikuwa na fungu moja lililozidi, lisilotajwa ni la nani. Barua zote zilisomwa kwanza na Sista Perpetua, mwalimu mkuu, kwa hivyo Derrick aliandika juu ya mvua na ng'ombe tu, naye Waruguru akajifunza kusoma mapenzi ndani ya ng'ombe. Barua ya mwisho ilisema angefika Matisi, kwa wazazi wa Waruguru, Januari ya mwaka wa elfu mbili. Waruguru alishona rinda jekundu. Alikaa nalo langoni mwezi mzima. Hakuja mtu.

Wiki ile ile Derrick alipokuja dukani, simu ililia. Nakhungu hakuwa amepiga tangu wamalize shule. Nambari aliipata kwa Derrick, aliyeinakili kutoka ukutani mwa duka. Wenzao wa darasa walikuwa wanakutana kwake Bungoma Jumamosi, kumuaga Sista Perpetua aliyekuwa anastaafu.

"Usikose, Waluguru. Tumekuwekea kiti cha maana. Na umwombee Derrick wetu, anaenda Juba Jumatatu, kutengeneza majenereta. Miaka miwili."

Waruguru alikuwa na siku moja tu ya kumuuliza Derrick yeye alimkosea nini. Akatoa rinda jekundu sandukuni, akalipanua kiunoni kidogo.

Jumamosi alifika kwa Nakhungu, Bungoma. Wanawake waliokuwa wasichana wa bweni moja, wengine na watoto migongoni, walimtazama rinda, hereni, na nywele zilizosukwa. Kando ya Sista Perpetua palikuwa na kiti kimetandikwa kitambaa cheupe, na rozari mpya juu yake.

"Veli yako iko wapi?" Nakhungu aliuliza.

"Veli gani?"

"Si wewe ni sista? Mimi mwenyewe nilikuona siku tulipomaliza shule, ukiingia gari la masista na sanduku lako, bana. Nikaambia kila mtu. Hata Derrick juzi amekupata kwa duka la parokia na kitambaa kichwani."

Sista Perpetua alicheka mpaka akavua miwani. Ni yeye aliyemwita msichana huyo akaonje maisha ya utawa kwa siku kumi, alieleza, na mtoto hakuwa na mdomo wa kukataa.

"Siku ya sita akaniambia hawezi kumdanganya Mungu, moyo wake una mtu. Sikumuuliza nani. Nilikuwa nimesoma habari za ng'ombe wake miaka mitatu."

Mlangoni, Derrick aliweka kreti la soda chini polepole, kama lina mayai.

Baadaye yeye na Waruguru walisimama nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji. Waruguru, ambaye hakuwahi kumtazama mtu usoni kwa muda mrefu, alimtazama.

"Nilikungoja langoni, Derrick."

"Angekuwa kijana mwingine ningekuja. Sasa Mungu ningeshindana naye vipi?"

"Ungekuja kuuliza tu."

"Ningekuja," alisema. "Na Jumatatu naenda. Nikikuomba unisubiri tena, nitakuwa na uso gani? Lakini nakuomba. Nikirudi, nije Matisi na wazee."

Kuku walikwaruza mchanga miguuni mwao. Ndani, wanawake walikuwa wameanza wimbo wa shule, kila mmoja kwa sauti yake.

"Nilikusubiri miaka saba bila kuombwa," Waruguru alisema. "Miwili ya kuombwa itanishinda?"

Ndipo Derrick akampa mkono ule aliomnyima dukani, na hakuna aliyeuachilia mpaka Nakhungu alipoita mara ya tatu kwamba chakula kinapoa.

"Nitapiga simu kila Jumapili," alisema Derrick.

"Piga. Lakini uandike pia."

"Niandike nini?"

"Mvua," alisema Waruguru. "Na ng'ombe wa huko. Mimi najua kusoma."