Mninga wa Minza

Kipimauhai kilishuka kutoka angani, kikafumbua macho yake matatu na kukagua mche mmoja baada ya mwingine. Penye jani, kilipita. Pasipo na jani kiling'oa, kikasaga na kugeuza mbolea kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Mhandisi Kalunde, aliyekibuni, alikitazama kwenye kioo cha ofisini bila kuona fahari. Tangu binti yake Minza afariki, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Aliipenda kazi kwa kuwa haikumuuliza hali.

Mumewe, Shija, akampigia simu kutoka nyumba yao ya zamani, nje ya mji.

"Mama Minza, mninga wa mtoto haupo. Mashine yako imepita."

Minza aliipanda mwenyewe mbegu ya mti ule, yenye bawa la mviringo na miiba katikati, mwaka alioanza kuugua.

"Ulikuwa mkavu, Baba Minza. Kipimauhai hakikosei."

"Kila kiangazi hukauka. Mninga mchanga ndivyo ulivyo. Shina hufa, mzizi ukanenepa chini miaka na miaka, hadi upate nguvu ya kusimama. Hukuwahi kuuona?"

Hakuwahi. Tabora Mpya, mji alimoishi na kufanya kazi, ilinyeshewa mwaka mzima na mawingu ya kutengenezwa. Humo hapakuwa na mti uliopukutisha majani, na humo ndimo alimokifundisha chombo chake maana ya kufa.

Alikwenda. Shija alimwonyesha shimo. Mzizi ulikuwa umekatikia ndani, mnene kama mkono wa mtoto, ukivuja utomvu mwekundu. Kalunde aliugusa, akajitazama vidole.

"Utachipua?"

"Mvua zikija, huenda. Ila mashine hurudi kumalizia mizizi."

Alilijua hilo. Alijua pia kwamba haisimamishwi kwa amri ya mtu aliye shambani. Amri hiyo aliifuta yeye, wakulima wasije wakaichelewesha kazi.

Mvumo ukasikika juu ya paa. Kalunde alilala kifudifudi juu ya shimo, shavu kwenye udongo, na kipimauhai ambacho hakikuruhusiwa kumgusa mtu, kikasimama hewani juu yake, kikisubiri aondoke.

"Mpaka lini, Mama Minza?" Shija aliuliza.

"Mpaka mvua."

Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Shija akaenda kuleta mkeka.