Mtani Aliyesoma Nusu

Simu ya maandishi ilifika posta ya Shinyanga Jumatatu asubuhi, mwezi wa saba, mwaka 1953.

SHANGAZI ANASAFIRI KESHO. MAMA AMSINDIKIZE. BABA AENDESHE GARI.

Ignas Bujiku aliisoma mara moja, akaichana, akaitia jikoni. Kwa mtu mwingine zilikuwa habari za ukoo. Kwa askari kanzu kama yeye, zilikuwa amri. Shangazi ni mshukiwa. Baba ni Ignas mwenyewe. Na Mama, jamani, ni mke wake wa ndoa, Klara, mwalimu wa shule ya misheni.

Hapo ndipo chai ilipompalia.

Mshukiwa alijiita Selestine. Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, alipigana Burma, na sasa kazi yake ni kutembelea viwanja vya vita vya zamani. Mtu mzima na akili zake, anasafiri maili mia kwenda kutazama mahandaki yaliyoota nyasi! Ana kamera ya Leica, darubini ya Zeiss na daftari lililojaa tarehe. Akifika mahali watu walipouana huvua kofia, hunyamaza kidogo, kisha huchutama na mwiko wake mdogo akachimbua maganda ya risasi. Kumbukumbu, anasema. Anaandika kitabu.

Lakini kila alikopita, almasi zilizoibwa machimboni zilionekana Usumbura, ng'ambo ya mpaka, wiki mbili baadaye. Zinapitaje? Hakuna aliyejua.

Safari hii Selestine alikuwa anauliza mjini ni nani anayevijua viwanja vya vita vya mwaka kumi na sita, na kila aliyeulizwa alimjibu Mwalimu Klara. Marehemu baba yake alikuwa mpagazi wa Wajerumani, alimwonyesha kila handaki. Selestine akamwendea na kumwomba awe kiongozi wake wakati wa likizo. Klara, mke wa askari kanzu, akaipeleka habari mahali panapostahili.

Ignas alimpigia simu Inspekta Eustace, mkubwa wake.

"Kwa nini mke wangu, afande?"

"Yeye anajua njia. Wewe unajua usukani."

"Na akimgusa?"

"Humgusi mtu mpaka tujue nani anampokea mzigo. Kuanzia sasa huna mke, Ignas. Una abiria."

Simu ikakatwa.

Basi huo ndio mtego aliowekewa mwanamume. Akionyesha kukasirika, kazi imekufa na pengine Klara naye. Asipokasirika, atakaa usukani siku tatu akimtazama mtu mwingine akimchumbia mke wake. Na Ignas, nisiwafiche, alikuwa na wivu wa kumnunia hata padri aliyeshikana mkono na Klara mlangoni mwa kanisa.

Jumanne waliondoka kwa Land Rover ya turubai. Chini ya kiti cha dereva, bastola ya Webley. Ndani ya sanduku la betri, redio. Klara alikaa nyuma na mgeni, gauni la bluu, kanga mabegani. Ignas alilijua gauni lile. Alilinunua yeye Krismasi, kwenye duka la Lataben, na hakuwa ameliona likivaliwa tangu Pasaka.

Kituo cha kwanza kilikuwa mbugani, mbele ya machimbo ya almasi ya Mwadui, ambapo Wajerumani walisimama nusu siku wakiwazuia Waingereza. Klara alionyesha mahandaki. Selestine akachukua hadithi akaisimulia upya, na lazima tuseme kweli, aliijua kazi hiyo. Aliigiza sajini wa Kijerumani aliyepoteza miwani yake kabla ya vita akaanza kuamrisha vichaka vipige risasi. Klara alicheka mpaka akashika tumbo.

Ignas alikuwa anafuta kioo cha gari. Alikifuta mahali pamoja kwa muda mrefu sana.

Alijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho mke wake alicheka hivyo nyumbani. Hakupata jibu, na hilo lilimuuma kuliko kicheko chenyewe.

Selestine alichimbua maganda manne pale, akayatia kwenye kopo, kopo likaingia mkobani.

Siku ya pili walifika Segese. Huko, zamani za mababu, Wangoni waliotoka kusini walipigana na wenyeji, wakachomana vijiji na kutekana mifugo. Vita vilipokwisha ukabaki utani. Kila mtu Usukumani anajua: Mngoni na Msukuma ni watani. Atakutukana, atakupokonya, atakaa juu ya msiba wako acheke, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Na Selestine alikuwa anajitangaza kuwa Mngoni wa Runzewe.

Mgahawani, mbele ya watu, alimgeukia dereva.

"Mtani, huyu mwalimu mmemwacha hivihivi? Sisi tuliwapiga hapa, na mateka hawarudishwi. Tangu leo ni mke wangu."

Wanywaji chai wakaangua kicheko. Klara naye akacheka. Ignas alikuwa Msukuma, mtoto wa Wasukuma, na mila inasema acheke.

Akacheka. Kilitoka kicheko cha mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki kooni.

Kisha Klara akafanya jambo dogo. Alinyoosha mkono akaivua kofia ya Selestine kichwani, akaivaa yeye. Akamwambia kwamba naye ameteka, na kofia itakombolewa kwa kuku. Mgahawa mzima ukapiga makofi. Mngoni wa kweli angeanza kulia machozi ya uongo na kuomba apunguziwe. Selestine hakucheka. Macho yalimkauka. Aliinyakua kofia kwa nguvu hata kucha zikamkwaruza Klara kipajini, halafu, kama mtu aliyekumbuka somo, akatabasamu kwa kuchelewa.

Klara alikwenda garini kuchukua maji, dereva nyuma yake. Alizungumza na debe, si na mumewe.

"Si Mngoni huyo. Utani ameusoma vitabuni, akaishia nusu. Anajua kupokonya, hajui kupokonywa."

Jambo kubwa kuliko yote katika safari ile, na limegunduliwa na mwalimu wa shule. Mpelelezi mwenye akili angelishika. Lakini wivu haukuwa umemwachia Ignas akili.

"Ulikuwa unacheka nini kule mbugani?"

"Dereva," Klara akasema, "tia maji kwenye rejeta."

Walilala Kalangalala, kila mtu chumba chake, Ignas garini. Asubuhi Selestine alipokuwa ananyoa ndevu, Ignas alipata dakika mbili na mkoba.

Alitoa ganda moja. Mdomo wake umezibwa kwa nta. Akaligeuza, akasoma tarakimu zilizopigwa kitakoni.

43.

Risasi iliyotengenezwa mwaka arobaini na tatu ilipiganaje vita vya mwaka kumi na sita? Alikwangua nta kwa ukucha. Ndani mlikuwa na jiwe lisilong'aa, dogo kama punje ya mtama. Sasa ikamkaa vizuri. Watu hawalimi wala kuchimba mahali palipo na mifupa. Wezi wa machimboni walifukia mali yao katika viwanja vya vita, na mtalii akaja kuichukua mchana kweupe, kofia mkononi, akiwaombea marehemu.

Ignas aliziba tena nta, akarudisha ganda, akafungua sanduku la betri na kumwita Eustace redioni.

"Tai, hapa Kanga. Maganda yana mawe. Nimkamate?"

"Kanga, hapana. Vijana wa Igunya, mtakakofika leo, wamelipwa kufyeka majani. Ndege inatua saa kumi. Rubani ndiye tunayemtaka."

"Tai, nikimkamata sasa..."

"Kanga, mpaka injini izimwe. Mwisho."

Saa tisa na nusu walikuwa juu ya kilima cha Igunya. Chini yake uwanda, majani yamefyekwa upya, shamba la pamba pembeni. Mwaka kumi na sita Wabelgiji walikipanda kilima kile kwa tumbo. Selestine alichimba chini ya jiwe moja, akatoa maganda sita, akafunga mkoba. Halafu akamgeukia Klara, na safari hii hakuwa anatania.

Alimwambia ana nyumba ya matofali Usumbura, inatazama ziwa. Alimwambia hapa atazeeka na chaki mkononi. Alimwambia gari halitarudi naye Shinyanga kama yeye hataki.

"Unataka kuishi wapi, Klara? Niambie tu."

Klara alinyamaza.

Ignas, kando ya gari hatua kumi tu kutoka pale, alisubiri aseme hapana. Mwanamke asiyetaka husema sitaki. Huyu amenyamaza! Anatazama ziwa letu lililo mbali kule na amenyamaza! Damu ikampanda kichwani. Alisikia mlio wa ndege angani, alijua haijatua, aliijua amri neno kwa neno, na bado mkono wake ukaingia chini ya kiti.

Selestine aliona kiwiko.

"Dereva. Toa mkono huo polepole."

Ndege, Auster nyeupe, ilikuwa inazunguka juu yao. Bastola ikionekana tu, rubani anageuza, na kazi ya miezi minane inaishia mawinguni. Yote hayo kwa sababu mwanamume ameshindwa kustahimili dakika kumi.

Klara akaruka.

Alinyakua mkoba begani mwa Selestine, akapiga kigelegele, akateremka kilima mbio huku akicheka.

"Mtani! Nimeteka! Njoo ukomboe kwa ng'ombe!"

Kutoka juu, rubani aliona mwanamke anakimbia na mkoba na mwanamume anamfukuza. Mchezo wa vijijini. Akashusha ndege.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Selestine, aliyeteka mke wa mtu kwa maneno siku tatu, hakuweza kutekwa mkoba dakika moja. Alimsahau dereva, akasahau ndege, akachomoa Beretta.

Injini ilikuwa bado inanguruma. Ignas hakuruhusiwa kupiga risasi.

Akaichomeka Webley kiunoni, akavua viatu akakimbia.

Beretta ililia mara moja, mlio wake ukamezwa na injini ya ndege. Risasi ilitoboa kanga ya Klara, ikapita chini ya kwapa. Klara alianguka juu ya mkoba. Selestine alilenga tena, na Ignas akamfikia kiunoni, wakabiringika pamoja mpaka uwandani. Kichwa cha Selestine kiligonga jiwe. Beretta ikaruka. Ngumi mbili, goti moja, imekwisha.

Injini ikazimwa.

Askari sita walitokea katika pamba, Eustace mbele na bunduki ya Sten. Rubani, mgeni mwekundu mwenye miwani myeusi, alishuka mikono juu.

Ignas alikuwa bado amemkalia mtu wake, Webley kwenye paji la uso. Selestine alitema damu, akamtazama kwa makini, akaelewa.

"Kumbe wewe ndiye mumewe," akasema. "Pole, ndugu. Vicheko vile havikuwa vya kazi."

Kidole kilikaza kwenye kifyatuo. Askari walikuwa mbali na wamegeukia ndege, hakuna ambaye angeuliza. Mtu alikuwa na silaha, alimpiga risasi mwanamke. Ripoti ingeandikwa mistari miwili.

Klara alikuwa amesimama, vumbi tupu, mkoba mkononi.

"Baba Paskazia," akasema. "Ukimuua sasa, hutamuulia serikali."

Ignas alihema. Kisha akatoa pingu.

Eustace alikuja, akampa mkono Klara kwanza, akamshukuru kama anavyoshukuriwa mwanamume. Kwa Ignas alitikisa kichwa tu, na kwa jinsi alivyomtazama ilionekana darubini yake ilikuwa imekiona kiwiko. Ignas aliona wivu wa aina nyingine hapo, lakini aliumeza. Siku ile alikuwa ameshameza mwingi.

Walipobaki wawili juu ya kilima, aliuliza. Angeweza kunyamaza. Hakuweza.

"Ulicheka kweli, au ilikuwa kazi?"

Klara angeweza kudanganya. Alifikiri kidogo, akaona hapana.

"Nilicheka kweli. Mwizi, mwongo, nusura aniue. Lakini anachekesha yule."

"Na alipokuuliza unataka kuishi wapi. Mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa nafikiri. Miaka tisa, Baba Paskazia, hakuna aliyewahi kuniuliza."

Ignas aliokota viatu vyake, akavivaa, akakung'uta suruali. Akaweka sigara ya Crown Bird mdomoni, akaiwasha kwa njiti moja katika upepo, akatembea kuelekea garini bila haraka, mkono mfukoni. Askari mmoja kijana alimsindikiza kwa macho, akamnong'oneza mwenzake kwamba yule mzee hana damu, ana maji ya barafu.

Klara alipanda mbele. Ignas alishika usukani, akawasha injini, akaiacha ingurume. Sigara ilikuwa inatetemeka midomoni.

"Unataka kuishi wapi?" akauliza.

"Endesha kwanza," Klara akasema. "Njia ni ndefu, nitakuambia."