Bakuli la Thuwein

Ijumaa jioni duka kubwa la Al Nahda, Dubai, lilifurika watu utadhani vitu vinagawiwa bure. Mbele ya lifti iliyoharibika, Asila alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, abaya nyeusi yenye tarizi ya zambarau, mifuko mapajani, na hasira tele usoni.

"Fundi, unaitengeneza hiyo lifti au unaibembeleza?"

Kijana aliyeinama mlangoni akageuka. Ovaroli ya buluu, grisi shavuni, tabasamu pana. "Naibembeleza, bibie. Ukiigombeza haipandi."

"Basi iambie nina njaa."

"Hata mie. Wewe wa Unguja?"

"Mama yangu. Mie nimezaliwa hapahapa Rashidiya. Na wewe fundi, una jina?"

"Thuwein. Wa Wete, Pemba."

Lifti ikapona. Namba za simu zikabadilishana mikono.

Miezi ilipita kwa utani na simu ndefu. Asila, aliyeshona abaya nyumbani kwao, alikuwa na hamu moja ya siku nyingi: kwenda Japani kula. Nyumbani walimuuliza nani atamsukuma, nani atampandisha ngazi. Thuwein peke yake ndiye aliyeuliza, "Utaanza kula nini?" Hapo ndipo Asila alipojua kwamba huyu ndiye wake. Wakakubaliana: akirudi tu, wazee wa Thuwein watakwenda Rashidiya kuposa.

Akaenda, yeye na dada yake Hilwa.

Osaka ilimpokea vizuri. Kwenye treni, mtu wa stesheni alitandika ubao mlangoni ili kiti kipite, na stesheni ya kushukia mwingine alikuwa anamngoja na ubao wake. Barabarani alikula vitu vya mviringo kama vitumbua, ndani mna pweza, vya moto hadi machozi yakamtoka. Lakini alipopapenda zaidi ni mgahawa mdogo wa bibi mmoja kizee aliyeuza wali, samaki wa kuchoma na supu ya mwani.

Kwao Asila hakuna anayekula bila kumpakulia asiyekuwepo. Siku ya kwanza mgahawani, Hilwa kabaki hotelini na kichwa kinachomuuma, Asila akaagiza bakuli la pili la wali. Lisije likaondolewa, akavisimamisha vile vijiti vya kulia katikati ya wali, wima, alama kwamba lina mwenyewe. Akapiga picha, akamtumia Thuwein Dubai.

Simu ikalia papo hapo.

"Habibti, bakuli la pili la nani?"

"La mwanamume mmoja hivi," Asila akacheka. "Mpole, hasemi, ananitazama tu nikila."

"Hilwa yuko wapi?"

"Hotelini, anaumwa."

"Kumbe uko na mtu peke yenu!"

"Wewe nawe! Nakutania, Thuwein, hilo bakuli la—"

Simu ikakatwa. Akipiga, haipokelewi.

"Atapoa huyo," Hilwa alimwambia. Asila akarudi mgahawani kila jioni, akampakulia, akasimamisha vijiti. Ilikuwa njia yake ya kumtaka radhi. Bibi kizee alikuwa akiyatazama yale mabakuli, anainamisha macho, kisha anaweka kikombe cha chai mbele ya kile kiti kitupu na kukutanisha viganja.

Huku Dubai, mchana kweupe, hasira za Thuwein zilikwisha, lakini mambo mengine yakaanza. Milango inayojifungua yenyewe haikumfungukia. Akawasalimu wenzake kazini, wakaendelea kupiga soga. Biriani ilikuwa haina ladha mdomoni, na bado tumbo lilikuwa limeshiba, na kooni alisikia harufu ya mwani.

Akampigia Asila. "Mpenzi, nisamehe."

"Halo? Thuwein?"

"Nipo! Nakusikia!"

"Halo?" Masikioni mwa Asila kulikuwa na sauti ya mtu anayetafuna, taratibu, mbali sana. "Ndiyo mchezo gani huu? Kama hunitaki sema, khalas, yaishe, usinitese."

"Nakutaka! Asila!"

Alimsikia akilia. Yeye hakusikika.

Kesho yake Thuwein alikuwa akikagua lifti ya jengo moja, amesimama kizingitini. Kule mlangoni kuna jicho linalozuia milango isimbane mtu. Milango ikaanza kujifunga. Akatia bega. Lile jicho halikumwona. Milango ikazidi kuja, baridi, bila haraka, na mwenzake akapita pale akipiga mluzi, hakugeuza hata shingo.

Saa hiyohiyo, Osaka, bibi kizee aliketi mbele ya Asila na Hilwa, akaongea na simu yake. Simu ikatafsiri kwa sauti isiyo na roho:

"Pole kwa msiba. Mume wako alikufa lini?"

"Nani kafa?" Asila akashtuka. "Yu hai! Yuko Dubai, kaninunia tu!"

Bibi akasikiliza tafsiri, uso ukamgeuka. Akavionyesha vile vijiti kwa kidole. "Hivi wanalishwa maiti. Mtu hai usimlishe hivi. Anakuja kula huku."

Asila akatazama bakuli. Wali ulikuwa umepungua nusu, na hakuna aliyeugusa.

"Hilwa, umekula wewe?"

"Wallahi sijagusa!"

Asila akaving'oa vijiti. Kwao, asiyekuwepo akikawia, chakula chake hukila anayempenda. Akasema bismillahi, akatia mkono. Wali ulikuwa baridi kama umelala kwenye barafu. Akala, machozi yakichuruzika, akimwita kwa jina, "Thuwein, rudi huko kwako, Thuwein," hadi bakuli likawa jeupe.

Dubai, milango ya lifti ikaruka nyuma. Mwenzake akapiga kelele, "Thuwein! Umetokea wapi wewe?"

Simu yake ikalia.

"Thuwein?"

"Nipo, mpenzi."

"Sema tena."

"Nipo. Nipo, jamani."

"Lile bakuli lilikuwa lako, mjinga wewe."

"Najua," akasema, na akaketi chini palepale sakafuni. "Nimeshiba nalo."

Uwanja wa ndege wa Dubai ulijaa mizigo na watoto. Thuwein alikuja kwa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na shangazi yake Kuruthum, kwa baibui lake la sherehe, akasimama nyuma yake. Hakungoja kufika Rashidiya. Akapiga magoti mpaka macho yake yakalingana na ya Asila.

"Asila, utanikubali?"

"Lete mkono kwanza."

"Pete ndiyo inakuja, habibti, subiri—"

"Mkono, nimesema."

Akaushika kwenye kifundo, vidole viwili juu ya mshipa. Ulikuwa baridi. Akangoja. Shangazi Kuruthum akakohoa, watu wakawapita na matoroli yao, Asila akazidi kungoja. Kisha mshipa ukapiga, kwa mbali, ukapiga tena, ukachangamka chini ya vidole vyake.

"Haya," akasema, hakuuachia ule mkono. "Sasa niulize tena."