Koki Iliyoomba Maji

Katika Mtaa wa Tenki hakuna anayefunga koki. Mgeni akipita na kuona koki za nyua zote ziko wazi, ndoo tupu zimetegwa chini yake, atadhani watu wa hapa ni wazembe, na atakuwa amekosea. Maji yakija huja bila taarifa, pengine watu wako shambani, pengine wako kanisani, yakakaa kidogo yakaondoka. Kwa hiyo koki huachwa wazi mwaka mzima, ili yakifika yapige kwenye ndoo na aliyeko nyumbani awaite wenzake. Tenki lenyewe liko juu ya kilima cha mawe, limeandikwa jina la mradi wa maji kwa rangi ya bluu, na kunguru ndio wanaolitumia.

Aliyegundua jambo alikuwa Zipora, ambaye mtaani humwita Mama Lusia. Asubuhi moja alikuwa akifuta vumbi kwenye koki yake kwa kitambaa, kitambaa kikamponyoka. Hakikuanguka chini. Kiliingia mdomoni mwa koki nusu nzima, kikabaki kinatikisika. Alipokivuta, koki nayo ilivuta.

Watu wa mtaa walishazoea koki zinazopuliza. Upepo unatoka, mita inazunguka, ankara inakuja, na kulalamikia jambo hilo kulikwisha kuwachosha hata walalamikaji. Lakini koki kuvuta lilikuwa jambo geni. Zipora alisogea kwenye ua wa minyaa unaotenganisha nyumba yake na ya Rhoda, shoga yake tangu walipoolewa wote katika mtaa huo.

"Rhoda, hebu weka kiganja kwenye koki yako. Inapuliza?"

Rhoda aliweka kiganja. "Inavuta," alisema.

"Tuwaambie?"

"Tumwambie nani?"

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka, kisha kila mmoja akarudi kwenye kazi yake.

Baada ya kuvuta ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya lambo lililokauka, tope lenye samaki kamongo aliyekufa, ikitoka kwenye mabomba ambayo hayakuwa yameona tope wala maji tangu mavuno. Kisha ikaja sauti. Ilianza kama kikohozi, mbali, chini ya ardhi, ikasogea siku hadi siku. Alasiri moja Lusia, binti wa Zipora wa darasa la pili, alikuwa peke yake uani akimenya viazi vya kuanika michembe. Akasikia koki inasema taratibu, kwa sauti ya mtu mzima aliyetembea sana juani, "Maji."

Sasa, mtoto aliyelelewa katika nyumba ya Kisukuma anajua la kufanya hapo. Mgeni akiomba maji anapewa kwanza, ndipo anaulizwa ametoka wapi. Zipora mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Lusia alichota kikombe kwenye dumu, akapiga magoti kama inavyompasa mtoto anapompa mkubwa kitu, akakiinua mpaka mdomoni mwa koki. Maji yalipanda. Hayakumwagika hata tone.

"Wabeja, ng'wanone," koki ilimshukuru kwa Kisukuma, ikimwita mwanangu.

Jioni Lusia alimsimulia mama yake kama anavyosimulia habari za shule. Zipora alimkataza asiisogelee tena koki ile, lakini kesho yake koki ya Rhoda nayo iliomba, na kabla juma halijaisha nyumba zote za bomba lile zilikuwa zinaombwa. Wakamwendea mwenyekiti wa mtaa, mzee Bujiku, wakamkuta kwenye kibaraza chake akitengeneza redio.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Kama ni la maji, nimelipokea. Nitalifikisha ofisini. Liko kwenye mchakato."

"Mzee, koki zinaongea," Rhoda alisema.

"Najua, mama. Na yangu inaongea. Tuwe na subira."

Ungekuwa mtaa mwingine, watu wangehama. Mtaa wa Tenki walikuwa wamesubiri vitu vingi kwa muda mrefu, na mtu akisubiri sana hata hofu humchoka. Walianza kuzipa koki zao kikombe kimoja jioni ili zinyamaze, kama unavyomtupia mbwa mfupa. Inasikitisha, lakini ndivyo walivyofanya, na Zipora alifanya hivyo hivyo.

Kilichomwamsha ni mtoto wake. Midomo ya Lusia ilianza kubabuka. Akawa hawezi kumeza ugali bila kuushindilia kwa mlenda, na mate yake yalikuwa kama unga. Siku moja alianguka mlangoni akachubuka goti. Alilia sana, na machozi hayakutoka. Damu nayo haikutoka. Goti lilikuwa jeupe, kavu, kama limepakwa majivu.

Kule zahanati nesi aliivuta ngozi ya mkono wa Lusia, nayo ikabaki imesimama. "Mtoto ana upungufu wa maji mwilini," alisema. "Mpe maji mengi." Zipora alitazama beseni kavu la kunawia lililokuwa nyuma ya nesi, nesi naye akaona anakotazama.

Alimpigia simu mumewe, Masalu, aliyekuwa akichimba dhahabu Rwamgasa, akamsimulia yote.

"Huku duarani, chini ya shimo, sauti ikiomba kitu, hakuna anayejibu," Masalu alisema. "Nani alijibu?"

"Lusia."

"Tafuta mtu wa kumtoa," Masalu alisema kwa sauti ya chini. "Usiningoje mimi."

Mtu huyo alikuwa Bi Mwaisha, muuza ubani pale sokoni, mjukuu wa mfanyabiashara aliyetoka pwani na mizigo yake akaoa na kubaki. Alikuja mchana. Alitandika mkeka chini ya koki, akamkalisha Lusia juu yake, akamfunika kaniki, akawasha chetezo. Alisoma dua polepole. Moshi haukupanda juu, uliinama ukaingia kwenye koki, na kifua cha mtoto kikatulia huku koki ikianza kuhema kwa zamu yake.

"Wewe nani?" Bi Mwaisha aliuliza.

"Mliyemwita," koki ilijibu.

"Hakuna aliyekuita."

"Mmeniachia mlango wazi mwaka mzima. Kila siku mnasimama hapa mnasema njoo, njoo. Mnaowaomba hawakusikia. Mimi nilisikia."

"Unataka nini kwa mtoto?"

"Nina kiu. Huyu alinipa kwa magoti. Niachieni yeye, na mtaa mzima mtakunywa."

Zipora alisikia yote. Bi Mwaisha alifunua kaniki, mtoto akavuta pumzi kwa nguvu.

"Sikiliza, mwanangu," Bi Mwaisha alimwambia Zipora. "Huyu ni jini wa chini, na bomba ni moja. Ukifunga koki yako peke yako hujafunga kitu. Wafunge wote, tangu jua linapochomoza mpaka linapozama. Siku hiyo ataleta maji, na yatakuwa maji kweli. Wasifungue. Jua likizama koki zote zimefungwa, atarudi alikotoka."

"Na akifungua mmoja?"

"Atamwacha wako, atahamia kwa aliyefungua."

Bujiku aliitisha mkutano wa mtaa, na watu walikuja wengi kuliko wanavyokuja kwa habari ya mradi. Bi Mwaisha aliwaeleza kila kitu, pamoja na kile ambacho jini aliahidi. Hakuficha. Waliokuwa wameinamia simu waliinua vichwa waliposikia neno maji, kisha wakainama tena. Bujiku alisimama akasema yeye atakuwa wa kwanza kufunga, wakanyoosha mikono wote, na Rhoda alimshika Zipora mkono mpaka mkutano ukaisha.

Wakafunga Jumapili. Asubuhi nyua zote zilisikika zikikwaruza, kwa kuwa koki zilikuwa zimeshika kutu zikiwa wazi. Zipora aliifunga yake, akaizungushia waya, kisha akakaa na Lusia kivulini. Saa za mchana, jua likiwa la utosi, aliona kitu kinang'aa kwenye paji la uso la mtoto. Lilikuwa jasho. Alilipangusa kwa kidole, akakilamba kidole. Lusia akamwona mama yake anafanya hivyo, akaogopa, akaanza kulia, na safari hii machozi yalitoka.

Alasiri ndipo sauti ilipokuja. Haikuwa kikohozi wala kuhema, yalikuwa maji, yanashuka kutoka kilimani, yanasukumana ndani ya mabomba yaliyokauka, yanapita chini ya njia ya ng'ombe na chini ya kanisa na chini ya miguu ya watu waliotoka nje wakasimama nyuani, yakafika kwenye koki moja baada ya nyingine yakaanza kuzigonga kwa ndani, taratibu, kama mgeni mwenye adabu anavyobisha hodi, na kila mtu alikuwa na nguo chafu ndani, na vyombo, na mtoto wa kuogesha, na kila mtu alijua ni nani anayebisha, na jua lilikuwa bado juu.

Zipora alikwenda kwenye minyaa. Rhoda alikuwa amesimama mbele ya koki yake, mkono uko juu yake.

"Rhoda, usifungue."

"Mama Lusia, wako analia machozi. Namsikia. Amepona."

"Jua bado."

"Mama mkwe wangu yuko kitandani na kinyesi chake tangu juzi. Nimemfuta kwa majani, unajua hilo? Kwa majani."

"Rhoda, una Esta."

Esta alikuwa kitindamimba wa Rhoda, anakaa dawati moja na Lusia. "Sitamruhusu asogelee koki," Rhoda alisema, kisha koki yake ikakwaruza.

Maji yaliruka yakapiga ndoo, kelele ambayo mtaa mzima ulikuwa umeingojea tangu mavuno. Baada ya hapo hakuna aliyejizuia. Zipora alisikia koki zikifunguliwa upande huu na upande ule, akasikia watu wakicheka, akamwona Bujiku kwa mbali amejitwisha ndoo mwenyewe, shati limelowa. Yake hakuifungua. Iligonga mpaka jua likazama, ikaacha.

Tangu siku hiyo maji yanatoka Mtaa wa Tenki usiku na mchana. Watu wa ofisi ya maji walikuja wakapiga picha na koki ya mwenyekiti, na Bujiku akatangaza kwamba lile jambo lililokuwa kwenye mchakato sasa limekamilika, akapigiwa makofi. Wenye mikokoteni ya maji walikosa wateja, wakahamia mtaa mwingine. Lusia alirudi shuleni. Esta hakuwepo kwenye dawati.

Zipora alivumilia na akiba yake mpaka madumu yakawa makavu. Mchana mmoja Lusia alirudi kutoka shuleni akaomba maji, na ndani hayakuwemo hata ya kulowesha kitambaa. Zipora aliitazama koki yake iliyofungwa waya. Akachukua ndoo, akazunguka minyaa.

Esta alikuwa amepiga magoti uani kwa Rhoda, mbele ya koki, kikombe kiko mkononi. Midomo yake ilikuwa imebabuka. Maji yalikuwa yakitoka mfululizo karibu na uso wake, na kila kikombe chake kikijaa alikiinua akakirudisha juu, kwenye mdomo wa koki, na maji yalipanda yakaisha.

"Karibu, chota," Rhoda alisema bila kumtazama. Alikuwa akianika mashuka, meupe, yameoshwa vizuri.

"Anaumwa?" Zipora aliuliza, ingawa alijua.

"Amekauka kidogo tu. Nesi kasema tumpe maji." Rhoda aliminya shuka moja kwa muda mrefu. Kisha akanong'ona, "Nilitaka nikuombe, shoga yangu. Usiitishe mkutano. Nitampeleka mwenyewe kwa Bi Mwaisha."

"Bomba ni moja, Rhoda."

"Najua. Nani atafunga sasa?"

Zipora alitaka kusema, mimi yangu nimefunga, nitasimama nawe tupite nyumba kwa nyumba kama ulivyosimama nami kwa ajili ya wangu. Alikuwa na maneno hayo mdomoni. Akamfikiria Lusia amekaa mlangoni na yunifomu yake, anangoja. Akafikiria koki zote zikifungwa, na kabla ya jua kuzama jini akirudi kuzunguka akitafuta aliyempa kwanza. Akainama akatega ndoo.

Esta alisogea kidogo kumpisha. "Shikamoo, mama," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu kama maganda ya karanga. Uso wake ulikunjamana kama wa mtoto anayelia. Machozi hayakutoka. Ndoo ilijaa upesi.

Nyumbani Zipora alimchotea Lusia kikombe. Mtoto alikunywa kwa pupa, kisha akakishusha, akajilamba midomo.

"Mama, yana chumvi."

Zipora alichukua kikombe, akaonja. Yalikuwa na chumvi kidogo, na uvuguvugu.

"Kama machozi," Lusia alisema.

"Kunywa tu," mama yake alimwambia, akamrudishia kikombe, kisha akachukua ndoo ya pili.